Karatasi Mbele, Gari Nyuma

Sijui Mpimaji alizaliwa wapi, na sikuwahi kumwuliza. Bukavu mtu akikuuliza kwenu ni wapi, mara nyingi anatafuta sababu ya kukupenda au kukuchukia kabla hujafungua mdomo, na mimi sipendi mchezo huo. Ninachojua kinanitosha: alikuwa mpimaji wa viwanja mpaka alipostaafu, aliishi Nguba kwenye nyumba ya matofali inayotazama ziwa, na alinunua magari ya zamani yaliyokufa, akayatafutia karatasi, kisha akayafufua. Mpangilio huo hakuubadilisha hata mara moja. Gari lisilo na karatasi hakuligusa hata kwa kidole.

Mimi kazi yangu ni kuandika barua za watu. Nina kibanda cha mbao karibu na ofisi ya komini, serikali yetu ya mtaa, ndani mna kompyuta moja, mashine ya fotokopi, na jenereta ndogo kwa ajili ya siku ambazo umeme umekwenda kutembea, yaani siku nyingi. Watu huniletea shida zao kwa Kiswahili au kwa Kimashi, nami ninazigeuza Kifaransa ili serikali izielewe. Katika wateja wangu wote hakuna aliyenisumbua kama yeye, na hakuna ninayemkosa kama yeye. Alifariki msimu wa mvua uliopita. Barua ya kuomba hati yake ya kifo niliiandika mimi, na kabla ya kuichapa nilipima pambizo kwa rula, kushoto na kulia, kwa sababu nilimsikia akiguna nyuma yangu.

Siku ya kwanza alipokuja, wala hakunisalimu vizuri. Alisimama mlangoni akiwa na kofia ya kitambaa na koti la kijivu ambalo mfuko wake wa juu ulijaa penseli, akatazama meza yangu, akatoa utepe wa kupimia. Alipima miguu ya meza mmoja mmoja. Kisha akasema, kwa sauti ya mganga aliyeona ugonjwa: "Maman, hii meza yako inaangukia upande ya ziwa." Akakunja kipande cha boksi, akakisukuma chini ya mguu mfupi, ndipo akaketi. Kipande hicho bado kipo. Nimehamisha meza mara mbili na mara zote mbili nimekihamisha nayo.

Barua yake ya kwanza niliiandika mara tatu. Hakukuwa na kosa la Kifaransa. Tatizo lilikuwa pambizo ya kulia, iliyokuwa nyembamba kuliko ya kushoto. Alisema karatasi ni kiwanja, na kiwanja kikipimwa vibaya watoto wa watoto watapigana. Nilimchukia kwa mwezi mzima. Dada yangu alinicheka akasema mteja wa namna hiyo ni kama mkwe, huwezi kumfukuza wala kumzoea. Kumbe kumzoea inawezekana. Ni kumwacha ndiko kugumu.

Wageni wanaokuja Bukavu hudhani magari ya zamani hapa hayana mwenyewe. Wanayaona nyuma ya nyumba za Nyalukemba, kwenye nyasi, hayana vioo, mti wa mapera umetokea dirishani. Wanayaona Cimpunda yakiwa yameegemea ukuta kwa sababu ukuta pia unayaegemea. Mpimaji alikuwa akiniambia kuwa kila moja lina mtu, na mtu huyo mara nyingi amekufa, amekimbia, au amesahau. Kuna gari ambalo mwenyewe alienda Bujumbura kwa wiki moja akakaa miaka ishirini. Kuna ambalo liliuzwa mara nne kwa maneno ya mdomo, kila mnunuzi akimwambia mwenzake kuwa karatasi itafuata. Haikufuata. Mali bila daftari huisha bila habari, na ndugu zangu wa mji huu wanaijua methali hiyo vizuri, wanaisema kwenye misiba, kisha wanaendelea kuuziana magari kwa maneno.

Yeye alikuwa na msemo wake mfupi kuliko huo: karatasi mbele, gari nyuma. Akipata habari za gari, jambo la kwanza hakwenda kutazama injini. Alikwenda kutafuta jina. Alibisha milango, aliuliza maparokiani, aliketi na wazee wanaokumbuka nani alikuwa na gari la rangi gani. Safari moja alitumia miezi minane kutafuta warithi wa gari moja la Kifaransa, lile refu la familia lenye mistari mitatu ya viti, lililokuwa limegeuka banda la kuku kule Cimpunda. Mwenyewe alikuwa amekufa akaacha wake wawili wasiosalimiana. Mtu mwingine angemnunulia bia mtoto mmoja wa kiume, akasaini, mambo yakaisha. Mpimaji alitaka wake wote wawili na watoto wote, na akataka hati ya kifo ya mzee yenye mhuri wa komini. Nilimwambia anajitafutia maradhi. Alinijibu: "Kitu yenye haina karatasi iko ya kila mutu. Na kitu ya kila mutu, siku moja mwenye nguvu ataibeba."

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Kabla ya warithi kusaini, aliwaomba waingie garini, mmoja mmoja au wote pamoja, wakae kidogo. Haidhuru gari halina magurudumu. Haidhuru lina kuku. Basi wale wake wawili walifagia kinyesi, wakaingia, mkubwa mbele, mdogo nyuma, watoto wazima wakajibana katikati. Mimi nilikuwa nimesimama nje na karatasi zangu mkononi nikiona aibu kwa niaba yao. Kisha mke mdogo akasema kwamba mzee alikuwa akipiga honi mara mbili akifika kona ya soko, na mke mkubwa akageuka, akamwambia kwake alikuwa akipiga mara tatu. Wakaanza kucheka. Walicheka mpaka wakalia, wakashikana mikono juu ya kiti. Waliposaini walikuwa wanatumia kalamu moja. Mpimaji alikuwa amegeukia upande mwingine, anapima ukuta wa jirani ambao haukumhusu.

Baada ya karatasi ndipo gari lilikwenda Nguba. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kibanda kirefu cha mabati, na humo alifanya kazi yake kwa mwendo wa konokono. Alikwangua kutu kwa msasa mpaka mikono ikawa nyekundu. Alinyoosha bodi kwa nyundo ndogo ya mbao, akiweka sikio karibu. Rangi alichanganya mwenyewe na kuijaribu kwenye kipande cha bati, akakiacha juani na mvuani wiki nzima kabla ya kuamua. Hakupenda vipuri vipya. Alisema kifaa kipya kwenye gari la zamani ni kama kijana aliyealikwa kwenye mazungumzo ya wazee, atasema kweli lakini kwa kelele. Gari likipona aliliuza kwa mtu aliyempima vizuri kama alivyopima meza yangu, na kwa fedha hiyo alinunua maiti nyingine.

Wakati huo huo mji ulikuwa unajaa magari ya Asia yenye usukani upande wa kulia, ilhali kwetu magari hupita kulia mwa barabara. Mpimaji hakuyachukia, ila aliyaonea huruma. Aliniambia dereva wake akitaka kulipita lori lazima amwulize abiria kama barabara ni salama, na kwamba ndoa nyingi za Bukavu haziwezi kustahimili hilo.

Nikitaja abiria, ninafika kwenye jambo ambalo watu wote waliliona na hakuna aliyelisema. Mpimaji hakujua kuendesha gari. Hakuwa na leseni, hakuwahi kuiomba, hakuwahi kushika usukani hata kwenye uwanja mtupu. Mtu aliyejua sauti ya kila bolti, akisikia gari linapanda mtaani anakwambia kabureta yake inakunywa maji, huyo huyo aliketi upande wa abiria maisha yake yote. Gari likiwa tayari, alimwita dereva fulani wa teksi, jirani yake, walitoe kibandani, waondoe mawe yaliyozuia magurudumu, waliache liteleze kwenye mteremko mpaka injini ishike. Yeye anakaa pembeni, mikono juu ya magoti, macho yamefumbwa, anasikiliza. Nilimtania siku moja kwamba yeye ni padri anayehubiri ndoa. Hakucheka. Alisema tu kwamba gari analijua kutoka upande huo.

Nilichelewa kuelewa. Ilikuwa mwaka wa pili wa kufahamiana kwetu ndipo alipoleta ile karatasi ya waridi kwa mara ya kwanza, karti roze ya zamani, ile serikali inayompa mtu kuonyesha gari ni lake. Ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha sala. Alitaka fotokopi kwa sababu wino ulikuwa unafifia. Niliiweka kwenye kioo cha mashine, nikaona jina la mwanamke. Aina ya gari: kokisineli, lile gari dogo la Kijerumani lenye mgongo wa kobe. Rangi: kijani. Na namba ya chasi, ndefu, ambayo mwisho wake ulikuwa sufuri mbili na saba.

Lilikuwa gari la mke wake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Nyalukemba, watoto wa mtaa mzima walimwita Madame, na alikuwa mmoja wa wanawake wachache wa wakati ule walioendesha mjini wenyewe. Asubuhi alimpeleka mume kazini na vigingi vyake vya kupimia, jioni alimrudisha. Hawakujaliwa mtoto; gari lilikuwa ndilo la kuosha Jumamosi na la kulalamikia. Mlango wa upande wa Madame haukufunga vizuri, ulipiga kelele ya bati, hivyo Mpimaji alikata kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, akakigandisha kwenye ukingo. Kuanzia siku hiyo mlango ukawa na sauti yake, pu, laini, kama mtu anayeweka mto kitandani. Akiwa sebuleni aliposikia pu alijua mke wake amefika.

Miaka ya vita watu wenye bunduki walimsimamisha Madame barabarani. Aliwatolea karti roze. Mmoja wao aliisoma yote, taratibu, akamshukuru, akamrudishia. Kisha wakachukua gari. Madame alirudi nyumbani kwa miguu akiwa na karatasi mkononi. Mwaka uliofuata homa ilimchukua yeye mwenyewe, kwa siku tano tu.

Mpimaji alinisimulia hayo mara moja, hapo hapo kwenye mashine, bila kubadili sauti. Nilimwuliza ilikuwaje mtu aliyeona karatasi ikishindwa na bunduki akaendelea kuamini karatasi. Alisema gari limekwenda, Madame amekwenda, karatasi imebaki. Basi ni nani amemdanganya? Nikampa fotokopi mbili, nikabaki na moja, sikumlipisha.

Tangu hapo kila mwaka alikuja kunakili tena. Niligundua kwamba magari yote aliyokuwa anayatafutia wenyewe yalikuwa, kwa kiasi fulani, njia ya kulitafuta hilo moja. Kila banda la kuku alilochungulia, kila karakana, alianza kwa kuuliza kama wameona kokisineli ya kijani. Wengine walikuwa na magari bila karatasi. Yeye alikuwa na karatasi bila gari. Na nikagundua jambo jingine, siku tulipokuwa tunahangaika na warithi wa mtu fulani waliokataa kwenda komini. Mpimaji alikuwa anawagombeza kwamba maiti asiyeandikwa ni mtu anayeendelea kudaiwa kodi. Nikamwuliza, kwa mdomo wangu huu usio na breki, hati ya kifo ya Madame aliipata mtaa gani. Akakusanya penseli zake, akaondoka, hakurudi kwa wiki tatu. Mganga hajigangi. Aliwaandikisha wafu wa Bukavu nzima isipokuwa wa nyumbani kwake.

Sasa nifike kwenye kosa, ambalo ni lake na ni langu pia.

Miaka miwili iliyopita paa la kibanda changu lilivuja, na maji yakaingia kwenye masanduku ya nakala za zamani. Nilizitandaza juani moja moja. Kati yake kulikuwa na tamko la kupotelewa na karatasi za gari, la miezi yangu ya kwanza kabisa kazini, kabla sijaona karti roze ya Mpimaji. Aliyeliomba alikuwa mwanaume kutoka upande wa Mwenga, mchimbaji wa dhahabu. Nilimkumbuka: alikuja amefadhaika, akaniagiza tamko, nilipomsomea mahali panaposema anaapa kwamba karatasi zilikuwa zake na zimepotea, akasema hawezi kuapa uongo, hakuwahi kuwa nazo. Akaondoka bila kulichukua. Nikatazama namba ya chasi. Mwisho wake ulikuwa sufuri mbili na saba.

Niliketi chini kwenye matope. Miaka yote hiyo karatasi hizo mbili zilikuwa zinalala kibandani kwangu, hatua tatu kutoka moja hadi nyingine, na mimi ninayejiita mtu wa karatasi sikujua. Nilifunga kazi mchana nikashuka Nguba kwa miguu. Nilimkuta kwenye kiti nje ya kibanda cha mabati. Macho yalikuwa yameanza kumwacha na msasa alikuwa anaushika kwa kumbukumbu tu. Nikamsomea. Nilidhani atasimama. Hakusimama.

Alijua. Si namba, alijua siku. Mtu huyo wa Mwenga, kabla ya kufika kwangu, alikuwa amefika kwake. Mpimaji alikuwa amelala chini ya gari jingine, amefungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, alipoisikia injini ikizimika nje ya uzio, kisha mlango. Mtu akaingia kibandani akasema na miguu ya Mpimaji iliyojitokeza. Alisema amesikia kwamba papa, yaani mzee wa hapo, anajua kutafuta karatasi, naye ana gari alilolinunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu. Mpimaji aliuliza kutoka chini kama karatasi ipo. Yule akasema haipo. Mpimaji akamwambia alirudishe lilikotoka. Hakutoka kulitazama. Karatasi mbele, gari nyuma. Na karatasi ilikuwa chumbani kwake, ndani ya kitabu cha sala, hatua ishirini tu kutoka hapo.

"Nilisikia mulango, maman," aliniambia. "Njo ile mulango ya Madame. Nikabakia chini ya gari."

Nikamwuliza kwa nini hakutoka.

"Mara ngapi nilitokaka? Kila mara ilikuwa mutu mwingine."

Nililia, na nilikasirika, vyote kwa pamoja. Nilimwambia kanuni yake ilikuwa imemla yeye mwenyewe. Alikubali kwa kichwa. Aliomba jambo moja: nimpigie simu yule mtu, kama namba iliyoandikwa pembeni ya nakala bado inaita.

Iliita, na yule mchimbaji akasema gari bado analo. Walikuja kiangazi, mwezi wa saba, barabara ya Mwenga ikiwa imekauka kiasi cha gari dogo kupita. Walitumia siku mbili. Waliposimama mbele ya kibanda changu Mpimaji alikuwa ameshaketi ndani, na koti lake la kijivu lilikuwa limepigwa pasi. Kokisineli ilikuwa imepakwa rangi ya bluu kwa brashi, lakini pale mlango unapokutana na bodi ulionekana ukingo wa kijani. Taa moja ilikuwa ya pikipiki. Bampa lilikuwa bomba la maji. Yule mchimbaji alishuka upande wa abiria, kwa shida, mguu wake mmoja uliharibika shimoni. Upande wa usukani alishuka mke wake, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha njano kichwani. Aliufunga mlango nyuma yake. Pu.

Mpimaji alikuwa ameshika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili.

Mchimbaji alikuwa ametayarisha maneno yake njiani, alionekana. Alisema hakujua gari lilikuwa la nani, na kwamba sasa anajua. "Papa, gari iko yenu. Sisi tutarudi na lori."

Mpimaji alimwuliza mwanamke nani ameliendesha mpaka hapa.

"Ni miye, papa. Bwana mguu yake haikanyage tena muzuri. Yeye anakaaka pembeni tu, ananifundisha."

Hapo Mpimaji alicheka, kicheko kifupi kilichotoka puani. Akauliza hufanya nalo kazi gani. Akamjibu hubeba wanawake na mafuta yao ya mawese na mchele kutoka vijijini hadi soko. Akauliza njiani kwenye vizuizi askari wanasema nini. Mwanamke akatazama chini. Akasema kwenye kila kizuizi wanaomba karatasi, na kila mara yeye huwasihi wamwache apite, na anajua siku moja watamnyang'anya.

Nilielewa kilichokuwa kinapimwa. Kama Mpimaji angelichukua gari, hakuna karatasi ambayo ingehitaji kuguswa. Lingerudi Nguba kwa jina la Madame na Madame angebaki mwenye gari, hai kwenye karatasi ya waridi, mpaka mume amfuate. Kama angewaachia, ingebidi iwepo hati ya mauzo, na hati ya mauzo ya mtu aliyekufa inataka hati ya kifo. Alikuwa amewaambia hivyo wajane wa Bukavu kwa miaka ishirini. Hakuna aliyeijua kanuni hiyo kuliko yeye, na mimi niliyemchukia kwa ajili ya pambizo, siku hiyo nilitamani angeivunja.

Alisimama, akatoka nje akipapasa. Mwanamke akataka kumfungulia mlango wa dereva, akatikisa kichwa. Alizunguka mbele ya gari kwa kulishika mkono, taa, boneti, taa ya pikipiki, akafika upande wa abiria, akaingia, akakaa. Aliweka mikono juu ya magoti. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Aligeuka kidogo kukielekea, kama mtu aliyeulizwa jambo njiani, na midomo yake ikasogea. Sikusikia alichosema, na ningesikia nisingekiandika hapa.

Alikaa muda mrefu kuliko mrithi yeyote niliyewahi kumwona. Watu wa komini walipita, mchuuzi wa mikate akapita. Kisha akarudi mezani kwangu. Barua zake zote, miaka yote, alinisomea kwa Kifaransa kilichonyooka, koma na nukta amezitaja. Siku hiyo alisema kwa Kiswahili.

"Andika kama bibi yangu alikufaka," alisema. "Tarehe nitakuambia. Kisha andika ile gari iende kwa jina ya huyu maman. Ya huyu maman, haiko ya bwana yake."

Niliandika. Nilichapa ombi la hati ya kifo kwanza, kwa sababu ndilo la kwanza, nikaliweka mbele yake na kumwelekeza kalamu mahali pa kusaini, kwani mstari hakuuona. Alipima pambizo kwa kidole gumba, kushoto, kulia. Akaridhika.

Nje, yule mwanamke alikuwa ameingia garini kutafuta kitambulisho chake cha kupigia kura. Alishuka nacho, akaufunga mlango.

Pu.

Mpimaji aliinua kichwa haraka kuelekea mlangoni, uso wote umefunguka, kama mtu aliye sebuleni kwake jioni. Halafu akainama, akasaini.